Siku Watu Waliponihama Ngomani

Mjukuu wangu Kulwa, hujambo huko Geita? Hapa mvua imetutupa, na bibi yako hajainuka kitandani tangu mavuno.

Unauliza nilianza lini kujiamini. Dhahabu ya huko ilipoanza kuchimbwa, mimi nilikuwa manju, kiongozi wa ngoma, mwenye sauti kubwa kuliko wote Shinyanga. Usicheke, mtani! Nilitegemea dawa ya mganga ya kuvuta watu. Siku ya mashindano watazamaji wote walihamia ngoma ya wapinzani, hata mama yangu.

“Dawa yako imelala, manju!” wakanizomea.

Nikaimba peke yangu mpaka jua likazama. Hakurudi hata mmoja. Ila ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Bibi yako hanijibu tena. Namwimbia hivyo hivyo.

Babu yako, manju.