Swali la Ishirini na Tisa

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Nimenakili kurasa kumi na moja za silabusi. Kidole kinauma. Profesa alifika jana kwa ndege kutoka Lubumbashi na atarudi baada ya majuma mawili. Saa sitini za somo lazima ziingie humo. Saikolojia ya maendeleo ya binadamu. Tutazaliwa, tutakua, tutazeeka na kufa kwa siku kumi na mbili. Amesema hivyo mwenyewe, darasa likacheka.

Leo tulikuwa bado tumboni. Alipotaja tamaa za mama mjamzito nilimkumbuka Leontina, mke wangu, na udongo mweupe aliokuwa akiula. Alipokuwa na mimba ya Riziki, mtoto wetu wa kwanza, aliuficha ndani ya sanduku la cherehani, akidhani sijui. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chaki.

Alikufa mwaka juzi, mwezi wa nane. Homa ya siku nne. Sasa naweza kuandika hivyo.

Mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani. Miaka arobaini na nane. Asubuhi nafundisha darasa la tano la msingi, mchana nakaa kwenye benchi kama wanafunzi wangu. Napenda. Sijamwambia mtu kwamba napenda kiasi hiki.

Jumanne, tarehe 5

Utoto, hadi miaka sita. Profesa anaongea haraka lakini anaeleweka.

Ametoa kazi ya mazoezi. Kila mmoja amechota kikaratasi ndani ya kofia ya Fabiani, kijana anayekaa kando yangu. Wengine wamepata watoto wachanga, wengine vijana. Mimi nimepata uzee. Fabiani akaniambia: "Papa, yako njo rahisi. Chukua kioo, ujiulize mwenyewe." Nimecheka na wengine.

Masharti: mtu wa zaidi ya miaka sabini, unayemwona kila siku. Maswali thelathini, ameyaleta yamechapwa tayari. Kurudisha ni Jumatatu. Asiyerudisha hafanyi mtihani.

Mzee ninayemwona kila siku ni mmoja tu. Tena kusema ninamwona ni kusema sana. Mama Pelagia, mama yake Leontina, alikuja toka Moba kwa kilio cha binti yake, akabaki kutusaidia na watoto. Mwaka na nusu tuko lupango moja, ua mmoja. Sijala mbele yake hata siku moja. Sijamtazama usoni wala kumwambia sentensi nzima. Mkwe na mama mkwe wanakaa hivyo, kwao Moba na kwetu Wabembe pia. Nikifika nakohoa mlangoni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Chumvi ikiisha, namsikia akiiambia sufuria: "Chumvi imekwisha." Kesho yake naleta chumvi.

Tumeishi vizuri. Najua mgongo wake kuliko uso wake.

Jumatano, tarehe 6

Nimetafsiri maswali yote kutoka Kifaransa. Kazi safi, nimeridhika nayo. Nimempa Riziki, binti yangu mkubwa. Ana miaka ishirini, anashona nguo nyumbani. Yeye ndiye mdomo wetu, mimi na bibi yake. Wale wawili wanataniana tangu asubuhi.

Waliketi jikoni wakichambua sombe, majani ya muhogo. Mimi niko ukumbini na madaftari ya wanafunzi. Nilisikia vicheko na sikusahihisha hata daftari moja vizuri.

Meno yamebaki mangapi? Amejibu manane, lakini yanajuana. Macho? Yanaona kile kinachomhusu. Kazi ya ujanani? Hapo aliongea muda mrefu. Alikulia Pepa, juu kwenye baridi, baba yake akichunga ng'ombe wa watu. Alfajiri alikuwa anasimama ndani ya mavi ya ng'ombe yaliyotoka sasa hivi, miguu ipate joto. Amemwambia Riziki aandike hilo vizuri, profesa asifikiri ni uongo.

Maswali kumi na nane yamekwisha. Sikujua lolote kati ya hayo. Ninakula chakula cha mtu huyu kila siku.

Alhamisi, tarehe 7

Darasani: mtoto wa shule. Hapo najua zaidi ya silabusi, lakini nilinyamaza.

Riziki aliendelea na maswali. Vicheko hadi kama swali la ishirini na tano. Baadaye sauti ya kisu tu kwenye sinia. Baadaye hata kisu hakuna. Riziki alirudi na karatasi, la ishirini na tisa na la thelathini yako matupu. Amesema bibi amechoka. Nikaandika pembeni: "Uchovu, kawaida ya umri." Nilijiona mtaalamu.

Ijumaa, tarehe 8

Sikukuu ya wanawake. Hakuna somo. Riziki ametoka kuandamana na mafundi wenzake, wote na kikwembe, kitenge cha aina moja.

Nilirudi nikakuta kamba imejaa. Vikwembe vyote vya Mama Pelagia vimefuliwa pamoja, hata kile cha kilio. Mtu hafui nguo zake zote siku moja kama hasafiri. Mkeka wake umekunjwa na kufungwa.

Riziki alipofika nilimuuliza. Hakunitazama.

"Baba, bibi anarudi Moba. Anasema umemuaga kwa heshima, na anashukuru."

Nimelichukua lile swali la ishirini na tisa na kulisoma tena. *Unataka kumalizia siku zako wapi, na kwa nani?* Kwa Kifaransa lilikuwa swali la upole. Nililitafsiri vizuri mno. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe aondoke. Anatuma mtoto, anauliza kwa mbali, mwenye akili anaelewa. Kila mtu hapa anajua hivyo. Mimi pia najua. Nililiandika kwa mkono wangu nisilione.

Nikamwambia Riziki aende akaeleze kwamba ni swali la profesa, wazee wote wanaulizwa. Alienda, akarudi.

"Amesema profesa hana mukwe humu. Mwenye kuuliza njo baba yako."

Hakukasirika. Ametupikia ndagala, dagaa wa ziwani, kama kawaida. Hilo ndilo linaloniumiza. Angekasirika ningejua pa kuanzia.

Ameshatuma neno kwa Severini, mdogo wake Leontina, aliyekuja na boti la maharagi. Linarudi Moba Jumapili saa tisa, na sabuni na chumvi.

Jumamosi, tarehe 9

Somo la leo, la asubuhi, limefika kwenye ndoa. Sikusikia kitu. Fabiani aliniuliza kama ninaumwa.

Severini alikuja mchana. Alikaa, akanywa maji, akaniambia familia haina neno, mwaka na nusu ni heshima ya kutosha kwa marehemu.

"Na huyu mama mupya, shemeji, ni wa wapi?"

Yaani kule bandarini wameshaniozesha. Nikamweleza yote: kofia, kikaratasi, maswali thelathini. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaacha kucheka. Akasema nisimtume Riziki tena. Kila nikimtuma ninaharibu zaidi. Niende mwenyewe.

Lakini kwenda mwenyewe kuna njia yake. Kwao, mkwe anayetaka kuongea na mama mkwe uso kwa uso analeta kuku na kikwembe mbele ya shahidi. Wanaita kufungua kinywa. Wengine wanafanya mapema, mtoto wa kwanza akizaliwa. Leontina aliniomba mara mbili. Mara ya kwanza Riziki alikuwa bado mgongoni. Mara ya pili mama yake alikuwa mgonjwa, akataka nimsalimie kwa sauti yangu. Zote mbili nilisema baadaye. Sababu hakuna. Aibu tu. Ninaongea mbele ya watoto hamsini kila asubuhi na nilimwogopa mama mmoja.

Alipokufa nilifikiri haina maana tena, kwa sababu aliyeomba hayuko.

Nimenunua kuku mweusi, jike. Dukani muuzaji aliuliza kikwembe ni cha nani. Nikasema cha mama mkwe. Hakuuliza zaidi, akapanda ngazi akanishushia kile cha juu kabisa. Cha rangi ya majani ya chai, na ndege wadogo.

Mama Pelagia anaweza kukataa. Severini hakunificha hilo. Akikataa, kesho saa tisa yuko majini, na sitakuwa na namna ya kumfuata. Watoto watakuwa wamempoteza mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Jumapili, tarehe 10

Baada ya misa na ibada, kila mmoja kanisani kwake.

Severini aliniwekea mimi kigoda, chini, na Mama Pelagia kiti, juu yangu. Mama aliketi. Furushi lake liko mlangoni. Riziki alisimama na wadogo zake wawili. Kuku alinyamaza vizuri.

Nilikuwa nimetayarisha maneno kama ninavyotayarisha somo, mwanzo, kati na mwisho. Yote yalitoroka. Nikaweka kuku, nikaweka kikwembe juu ya magoti yake, na nikamtazama. Ana paji la uso la Leontina. Mwaka na nusu paji lile lilikuwa jikoni kwangu.

Nikasema: "Mama, swali lile halikuwa langu. La kwangu ni hili: utabaki na sisi?"

Alipima kikwembe kati ya vidole, upande wa ndani na wa nje, kama mtu aliye sokoni. Mdogo kabisa wa Riziki alianza kulia na hakuna aliyemnyamazisha.

Ndipo akaongea. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile ya kuiambia sufuria.

"Miaka makumi mbili na moja nakusikia ukikohoa tu. Nilijua binti yangu ameolewa na muntu wa kifua."

Severini aliinama, mabega yakitikisika. Mimi sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.

Akaendelea, sasa bila mzaha. "Leontina alikuwa ananiambia bwana yake anaongea muzuri. Nilimusadiki tu. Sikuwa na kitu cha kupimia." Kisha akageuka kwa mwanawe. "Severini, enda na sabuni yako na chumvi yako. Mimi nabaki na mukwe wangu."

Kuku ameliwa leo leo. Firigisi yangu, ndivyo alivyoamua. Tumekula chumba kimoja. Mimi nilikula kidogo, nilikuwa ninamwangalia. Anavunja bukari, ugali wetu, kwa kidole gumba na viwili tu, na hadondoshi.

Boti limeondoka saa tisa na nusu. Severini alipunga leso. Furushi Riziki amelirudisha ndani mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 11

Nimerudisha karatasi. Kwenye la ishirini na tisa niliandika: "Niliuliza vibaya." La thelathini niliacha.

Profesa akasoma, akaniita mbele nieleze. Nikaeleza, si yote. Darasa likawaka. Wa Ankoro wakasema kwao kuku hatoshi. Mama mmoja wa Niemba akasema kwao mkwe akitaka kuongea anaanza kwa kulima shamba zima. Fabiani, ambaye hana hata mchumba, aliuliza kama mtu anaweza kulipia mapema. Profesa alitusikiliza. Mwishowe akasema kwao ni mbuzi, na kwamba yeye mwenyewe bado hajampeleka. Akaangalia dirishani kidogo. Halafu akarudi kwenye silabusi.

Kumi na mbili juu ya ishirini. Maswali hayakukamilika. Ni haki. Mtihani nitafanya.

Jumatano, tarehe 13

Mahali pote sasa kuna maneno. Mama Pelagia anaona ninatia sukari nyingi. Anaona ninawasahihisha wanafunzi kwa ukali, wino mwekundu mwingi. Anataka mlango wa jikoni upakwe mafuta. Nilizoea kimya, na leo mchana nilikikumbuka kwa dakika kama tano.

Ijumaa, tarehe 15

Profesa amemaliza. Uzee jana, kifo na maombolezo leo, saa mbili tu. Niliogopa siku hii tangu mwanzo na imepita kama nyingine. Aliyoyasema ni kweli. Sikuandika mengi.

Nyumbani nilikaa ukumbini kurudia masomo kwa mtihani wa kesho. Mama Pelagia alikuwa karibu na dirisha, akitoa mawe kwenye mchele. Aliniuliza ninasoma nini. Nikamsomea, nikitafsiri: mtoto anakaa miezi sita, anatambaa miezi minane, anatembea miezi kumi na miwili.

Akasema si kweli. Leontina alitembea akikaribia miaka miwili. Watu walikuja kumtazama miguu, sista wa zahanati alimnyoosha huku na huku asione tatizo. Hakuwa mgonjwa. Nyumba ilikuwa na shangazi wanne na kila mmoja alimtaka mgongoni. Hakuwekwa chini. Siku moja wote walikwenda kuvuna, wakamwacha na bibi asiyeweza kubeba. Jioni walimkuta amesimama mlangoni, ameshika mlango kwa mkono mmoja, amekasirika.

"Miezi mingapi, Mama?" niliuliza.

Alihesabu kwa mavuno. "Makumi mbili na mbili."

Nimefungua ukurasa wa mwaka wa kwanza na kuandika pembeni, kwa kalamu ya risasi: *Leontina, miezi 22.* Yeye amerudi kwenye mchele wake.