Mto wa Kitanda cha Dirishani

3 Septemba

Mwanangu Wakili,

Hujambo? Umelalaje huko ugenini? Sisi tulifika salama, ingawa baba yako aliendesha lori njia nzima bila kusema neno. Nilipomuuliza ana nini akasema moshi wa injini umemwingia machoni. Lori hilo analiendesha kila siku, moshi huo siku zote huwa uko wapi? Nikamwacha na moshi wake.

Nakuandikia kwa sababu simu yako imeshaoga ndoo nzima ya maji na sijui itapona lini. Baba yako atapita huko kila wiki na mzigo wa saruji, kwa hiyo barua utaipata mkononi, na majibu mpe yeye. Bahasha uifunge vizuri, namjua.

Chumba chenu cha bweni nimekipenda. Wakati mnahangaika na godoro kwenye ngazi, baba yako amelibeba kichwani haoni mbele, na wewe unamwambia kulia wakati njia iko kushoto, mimi nilipata nafasi ya kufanya kazi yangu. Miaka yote natandikia wageni wa hoteli, safari hii nimemtandikia mwanangu. Nilivaa glovu zangu za kazini, nikafuta dirisha, nikasugua sakafu, nikatoa takataka za aliyetangulia. Vitanda vyote viwili nikavitandika shuka za kona kali kama za kwetu kazini, nikaweka mito miwili mipya, mmoja wako na mmoja wa huyo mwenzako atakayekuja. Nilitaka akifungua mlango tu ajue amepangwa na mtoto aliyelelewa.

Kula vizuri. Na usibishane na wakubwa, hata kama una haki. Najua nampigia mbuzi gitaa, lakini nimesema.

Mama

9 Septemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepumzika baada ya kazi ya siku ile. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Mwenzangu wa chumbani alirudi jioni ileile mliyoondoka. Nasema alirudi kwa sababu kumbe alishafika kabla yetu. Aliacha godoro na mto wake kwenye kitanda cha dirishani kushika nafasi, akaenda kwa bibi yake kuchukua mizigo iliyobaki. Wasichana wa korido wanamwita Kimya, na jina limemkaa sawasawa. Alisimama mlangoni akakiangalia kitanda ulichomtandikia. Nilidhani amekipenda. Kumbe alikuwa anatafuta. Akapiga magoti akachungulia uvunguni, akafungua kabati langu bila kuniomba, akatoka, na aliporudi alikuwa na matroni.

Mto wake haupo, mama. Anasema ni mdogo, wa kitambaa cha maua yaliyofifia, na una doa upande mmoja. Wakaniuliza, nikasema sikuuona, na huo ni ukweli. Wakauliza, na mama yako je? Nikawaambia mama yangu anashinda na vitu vya watu hotelini na hajawahi kurudi nyumbani hata na kiberiti cha mtu. Nikaapa mbele ya korido nzima. Baba aliyenipachika jina la Wakili angekuwepo angesema hiyo ndiyo kesi yangu ya kwanza.

Matroni amesema atatusikiliza, na atakayebainika kusema uongo atakunja godoro lake aondoke, maana wanaosubiri kitanda wamejaa. Mimi nikitoka hapa sina pa kwenda. Kodi ya vyumba vya nje hatuiwezi, unajua mwenyewe. Itabidi nirudi nyumbani, na mwaka wa masomo ndio umekwenda.

Uliandika kwamba ulitoa takataka. Zilikuwa takataka gani?

Ule mto mpya uliomwekea ameurudisha juu ya meza yangu. Analala kichwa kikiwa kwenye mkono wake.

Binti yako,
Wakili

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mgongo unaendelea kulalamika kama kawaida yake.

Barua yako imenikosesha raha. Nilitoa karatasi, chupa mbili na kandambili moja isiyo na mwenzake. Mto sikuuona.

Na sasa nisikilize vizuri. Kazini kwetu alikuwepo mwenzetu mmoja wa ghorofa ya juu. Mgeni alisema saa yake haionekani. Yule mwenzetu kwa uungwana wake akasema, niliisogeza kidogo nifute vumbi. Basi, kusogeza kukageuka kuiba. Saa ilikuja kupatikana kwenye koti la mgeni mwenyewe, na mwenzetu alikuwa ameshavua sare yupo kwao. Tangu hapo sisi watandika vyumba tumeshika maneno mawili tu: sikuona, sikugusa. Na wewe shika hayohayo. Ukianza kusema labda, umekwisha.

Mto ni mto. Huyo binti akitaka nitamshonea mwingine wa maua. Baba yako naye siku hizi ana maswali mengi, nimemwambia ashike usukani wake.

Kula.

Mama

21 Septemba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mfagizi wa bweni amesema siku tuliyohamia alimwona mwanamke aliyevaa glovu za mpira akipita mlango wa nyuma na kifurushi kwapani. Hakwenda kwenye pipa la taka, alikwenda kwenye lori. Matroni akaniangalia. Nikasema wanawake wenye glovu ni wengi. Niliposema hivyo nilijisikia vibaya, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Ndipo Kimya akafungua mdomo. Tangu amweleze matroni ule mto, ni mara ya kwanza namsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Hakumwambia matroni, aliniambia mimi.

"Mto ule ni magauni ya mama yangu. Alikufa nikiwa na miaka mitatu, bibi akayashona humo nilalie. Mama ninayemjua mimi ni ile harufu."

Hakulia. Afadhali angelia.

Tunaitwa Ijumaa ijayo kwa mara ya mwisho. Baba yuko hapa nje ananisubiri nimalize kuandika. Nimemuuliza kama aliona chochote, akaanza kukagua matairi, akayazunguka yote akarudia tena. Baba hajui kudanganya, mama, anajua matairi tu.

Nakuuliza mara hii, sitauliza tena. Siulizi kama wakili, nauliza kama mwanao. Ukiniambia hukuuona, nitakwenda Ijumaa niseme hukuuona. Lakini uniambie ukiwa umekaa kitako na umesoma hayo aliyoyasema.

Binti yako

27 Septemba

Mwanangu,

Leo sina uso wa kukuuliza hali.

Mto niliuchukua mimi. Kazini kwetu mto ukichoka hautupwi, mtandikaji wa chumba anaubeba kwake. Nusu ya mito uliyolalia utotoni ilitoka hotelini hivyo. Nilipouona umelala peke yake kwenye godoro tupu, nikajua mto na godoro vimeachwa na aliyeondoka. Sikufikiri mara mbili, mkono ulikwenda wenyewe. Nikautia kwapani nikauweka nyuma ya kiti cha lori.

Nyumbani niliufumua mshono ili niufue vizuri. Nikakuta si pamba, ni magauni manne yamekunjwa. Hapo ningesimama nikajiuliza. Sikusimama. Niliyafua pamoja na kitambaa cha nje kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikarudia, nikayaanika juani mpaka yakakauka kabisa, kisha nikayarudisha nikashona. Nilikuwa najisifu kwa lile doa lililotoka. Barua yako ya kwanza ilipofika, mto ulikuwa umeshakuwa msafi. Baba yako aliwahi kuyaona yale magauni kwenye kamba akauliza ni ya nani, nikamfokea.

Niliposhika kalamu kukujibu, yale maneno mawili ya kazini yakajiandika. Nisikufiche, hayakujiandika, niliyaandika. Niliogopa uniite mwizi moyoni. Na sasa naona nilikutuma ukasimame mbele za watu useme uongo wangu kwa mdomo wako safi.

Niliposoma habari za harufu nilikwenda nikaunusa. Unanuka sabuni. Nikaupakata nikalia mpaka baba yako akaja kukaa na mimi, na safari hii hakusingizia moshi.

Mto anao baba yako. Ameuweka kiti cha mbele akaufunga mkanda. Mpe mwenzako mkononi. Barua hii msomee matroni yote kama ilivyo, usiipambe. Nilipaswa kuja mwenyewe. Nilitaka kuandika kwamba msimamizi amenikatalia ruhusa kwa kuwa hoteli imejaa. Kweli alikataa, lakini na mimi sikumbembeleza. Nilimwogopa huyo binti.

Mama

8 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Najua baba alirudi mikono mitupu wiki iliyopita. Kila nilichoandika kilikuwa kikali, nikakichana.

Barua yako niliisoma yote mbele ya matroni na Kimya. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulinituma niseme uongo wako, nilimsogezea matroni karatasi, akamalizia kusoma mwenyewe. Kimya alikuwa ameshaukumbatia mto. Akauzika uso humo, akaunusa huku na huku mpaka nikatamani kutoka. Alipoinua kichwa alisema neno moja, "Sabuni."

Matroni amesema mimi niliapia jambo nisilolijua, na hilo halimpendezi, lakini mwenye kuumia ni Kimya na yeye ndiye atakayesema kama anaweza kulala chumba kimoja na mimi. Kimya akasema atafikiri. Basi tukaishi hivyo. Godoro langu nimelikunja na kulifunga kamba, liko nyuma ya mlango tayari. Nalala juu ya mbao na shuka zako za kona kali. Asubuhi tunapeana zamu ya kioo bila kugusana.

Jana usiku taa zimezimwa akaniuliza, "Mama yako aliyaona magauni?" Nikamwambia ndiyo, aliyashika yote. Akageukia upande wangu. Kisha akaniambia picha aliyonayo ya mama yake ni ile ya kitambulisho, uso peke yake. Magauni hajawahi kuyaona. Alipokuwa mdogo bibi alimkataza kuufumua, alipokuwa mkubwa akaogopa. Nikamwambia sasa tunaweza kuufumua pamoja, mkasi ninao. Akasema, "Umefunguliwa mara moja, inatosha. Mwambie yeye aandike."

Ameniambia atamjibu matroni baada ya barua yako.

Mimi bado nina hasira, mama, na sijui itaisha lini. Niliapa kwa jina lako bila hata kuvuta pumzi, na sidhani kama nitaweza tena. Lakini andika. Usijitetee na usiombe radhi, ya radhi ameshayasikia. Andika magauni.

Binti yako

14 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Msomee mwenzako polepole. Akisema basi, hapohapo uache.

La kwanza ni la kijani, mikono mifupi, la kushindia. Pindo lake limeshushwa, likashushwa tena, alama za zamani bado zipo. Alilipata akiwa bado anarefuka, au alirithi kwa mtu mfupi. Alikuwa mrefu huyu mama, kunishinda mimi na kukushinda wewe. Mfuko wa kulia umelika mdomoni, wa kushoto mzima. Mkono wake mmoja haukuwa na pa kukaa isipokuwa mfukoni.

La pili ni la njano lenye vifungo mbele. Kifungo kimoja si cha kwake, ni cheusi, cha nguo nyingine. Amekishona mwenyewe kwa uzi mweupe, hakujali. Nadhani alikuwa na haraka siku ile, au alikuwa mtu wa kucheka na mambo kama hayo. Uzi umelala upande usio wa kawaida, mimi nikishona hivyo najichoma. Anayeshona vile anatumia mkono wa kushoto. Sijui huyo binti naye anatumia upi.

La tatu ni la kijivu, la kazi. Kola imekwisha kwa kusuguliwa. Mgongoni liliunguzwa na pasi, na badala ya kulitupa alikata kipande kutoka ndani ya pindo lake lenyewe, akakiweka hapo, rangi ikawa moja. Nilikigundua kwa vidole, macho hayakukiona. Hakutaka watu wajue ana gauni moja tu la kazi. Huyo ningekaa naye vizuri.

La nne nimeliacha mwisho kwa sababu nililishika nikajua lilikuwa la nini, kisha nikalitumbukiza kwenye maji hivyohivyo, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Ni la bluu lenye vidoadoa vyeupe. Lilikuwa gauni la kubana. Amelifumua ubavuni huku na huku, akaongeza vipande vya kitambaa kingine, vipana tumboni, vyembamba juu. Mishono yake ni mirefu, ya kushikiza tu, ile anayoshona mtu akijua baada ya miezi michache atafumua arudishe gauni lilivyokuwa. Hakufumua. Aliliacha hivyo.

Mwambie mwenzako gauni hilo walilivaa wawili.

Mama

19 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Baba ana haraka, lori liko katikati ya njia na watu wanapiga honi.

Godoro nimelikunjua. Na ni mkono wa kushoto.

Wakili