Kilima cha Salenipo

Mama Clotilde,

Nimeficha jambo hili tangu nikiwa kijana, na sasa nakuambia kabla halijazikwa pamoja nami: wimbo ambao sisi Wanande wa Lubumbashi tunauita wimbo wa mababu haukutoka kwa babu yeyote, na kilima kinachotajwa ndani yake hakipo duniani.

Ninaitwa Onésime, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, naishi Makomeno, moyo wangu umechoka, miguu imevimba na daktari ameacha kunidanganya, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja. Sisi watu wa kaskazini si wengi katika mji huu. Tulishuka kutoka Butembo na Lubero kutafuta biashara na kazi, na tulipoona watoto wetu wanakua bila kujua hata salamu ya nyumbani tukaanzisha kundi la ngoma, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, wote wakanigeukia: Mwalimu, tupe wimbo wa kwetu, nami nikaona aibu kusema kwamba nilipelekwa kwa mapadri nikiwa mdogo sana na kwamba nyimbo nilizozijua zote zilikuwa za Kilatini, basi nikawapa wimbo niliokuwa nao karibu, nikauvalisha maneno ya Kinande ubeti kwa ubeti, nikashindwa na neno moja tu, lile la kiitikio, kwa sababu kila neno la kwetu nililoliweka pale liliharibu sauti, nikaliacha lilivyo, kwa matamshi yangu: Salenipo.

Wakaniuliza maana yake. Nikasema ni kilima.

Ungewaona! Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja wa maharage akaapa kwamba babu yake alichunga mbuzi juu ya Salenipo. Mwingine akasema ukisimama pale asubuhi unaliona ziwa. Leo wimbo huo unaimbwa harusini na matangani, watu wazima hulia, na mimi hukaa mbele kwenye kiti cha heshima nikitikisa kichwa kama mtu anayekikumbuka kilima chenyewe. Sitakuficha kwamba nilifurahia.

Sasa tunaandaa onyesho kubwa katikati ya mji, na kundi letu litarekodiwa. Aliyekuwa akiongoza wimbo ni Myriam, binti wa Kambale, ambaye sauti yake inawanyamazisha hata wenye kiu ya kusengenya. Kambale ni mtu wa kwetu, lakini mkewe, Mukuka, ni Mubemba. Katika mazoezi Myriam aliinua mkono, akaniambia mbele ya wote, akiniita babu kwa heshima:

“Kambo, mi naona ile neno haiko kilima. Iko Kibemba. Mama anasemaka vile kila asubuyi akienda ku soko: shalenipo, mubakie muzuri.”

Mama Dorcelle, mwenyekiti wa kamati yetu, muuza vitenge kwa jumla ambaye hapindwi na mtu, alisimama kabla sijafungua mdomo.

“Weye mutoto! Mama yako alikufundisha kupika bukari ya muhindi, hakukufundisha milima yetu. Hata Butembo haujafika!”

“Na weye Tantine, ile kilima uliionaka siku gani?”

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana Mama Dorcelle hachekwi. Akanigeukia. “Mwalimu, umwambie huyu. Iko kilima ao haiko?”

Nilimtazama Myriam usoni nikasema, “Ni kilima.”

Kamati ikamwondoa, ikaamua kwamba wimbo wa mababu utaongozwa na mtoto ambaye baba na mama yake wote ni wa kaskazini. Tangu siku hiyo Myriam hajarudi, hata kwaya ya kanisani ameiacha, wenzake wakimwona barabarani wanamwita Mademoiselle Kilima, na Kambale anamlaumu mkewe kwamba ndiye aliyemtia mtoto maneno mdomoni, ilhali mimi ninayejua ukweli nakaa hapa nikimeza vidonge.

Nimefikiri nijirekodi kwenye simu, niseme yote, kisha mwanangu Aimé awasikilizishe watu baada ya mazishi yangu. Onyesho litakuwa limepita kwa amani. Au pengine niwaachie kilima chao, kwa sababu jamii ndogo iliyo mbali na kwao inahitaji kitu cha kushika. Nishauri, mama, lakini upesi.

Onésime, Makomeno


Mzee Onésime,

Pole kwa moyo na miguu. Umeweka jina lako, na hilo nalihesabu upande wako, maana wengi huniandikia wakijiita X wa Katuba. Pole yangu inaishia hapo.

Unataka kukiri ukiwa ndani ya sanduku, mahali ambapo Mama Dorcelle hawezi kukupigia kelele. Hapana, baba. Ulidanganya kwa mdomo wako mbele ya watu, utasahihisha kwa mdomo huohuo, mbele ya watu walewale. Simu mwachie Aimé apigie marafiki zake.

Unanieleza habari za jamii ndogo. Mimi nakuuliza habari za msichana mmoja. Alisema kweli, kwa adabu, akikuita Kambo, nawe ukamfanya mwongo ili kiti chako cha heshima kisitikisike. Darasani, mwanafunzi aliyejibu sawasawa ulikuwa unampa sifuri?

Wala usiniambie kwamba ukweli utauua wimbo. Watu wameoana wakiuimba, wamezika wazazi wao wakiuimba. Wimbo huo ni wao sasa, na wanaweza kuuimba wakijua ulikotoka. Kitakachokufa ni kilima, na sijasikia kwamba kuna mtu amejenga nyumba juu yake.

Anza nyumbani kwa Kambale. Miguu ikikataa, Aimé akupeleke. Mwombe Myriam msamaha mbele ya baba yake, umwombe na Mukuka, ambaye bukari yake imetukanwa mkutanoni nawe ukakaa kimya. Halafu nenda mazoezini, kabla ya onyesho, si baada yake, na Myriam akiwa ameketi karibu nawe. Sema kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa utajificha, nakujua. Na usiondoke pale kabla kamati haijamrudishia nafasi yake.

Bado kuna kitu. Uliwapa wimbo “niliokuwa nao karibu.” Karibu wapi, baba? Neno la Kibemba halimrukii mwalimu kutoka Lubero barabarani. Umesoma vya kutosha kujua ni sentensi gani umeiruka. Watakuuliza. Uwe na jibu.

Clotilde


Mama Clotilde,

Nilikwenda. Mukuka alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba Mwalimu, na bukari yangu uiombe musamaha,” na Myriam akacheka kwanza ndipo akalia. Kambale alimshika mkewe bega. Jumapili tuliingia mazoezini pamoja. Nilisema kila kitu nikiwa nimekaa, kwa Kiswahili. Mama Dorcelle alipiga kelele kama ulivyotabiri, akaniita bwana wa bongo, yaani mwongo, mbele ya vijana niliowafundisha kusoma, kisha akafuta jasho, akamwambia Myriam, “Weye, simama pa nafasi yako,” na ndipo akaniuliza uliloniuliza wewe: “Sasa ile wimbo uliitosha wapi, ilitoka kwa nani?”

Niliwajibu, na wewe nakujibu kwa maneno yaleyale.

Wimbo ni wa marehemu mke wangu, Mwenya, ambaye nyote mlimjua kama mama wa jikoni katika sherehe zetu. Aliutunga siku alipotoka kwao Mokambo, kwa Wabemba, kunifuata mimi, akimuaga mama yake na dada zake, bakini vizuri, na alikuwa akiuimba nyumbani kila alipofua nguo. Siku kundi lilipouimba hadharani kwa mara ya kwanza, alikuja amevaa kitenge kipya, akataka kusimama katikati ya wanawake. Nilijua angelitamka neno lile kama linavyotamkwa kwao, shalenipo, na watu wangejua kwamba si kilima. Nikamwambia asiimbe. Aliishi nami mpaka kufa kwake, na sikumsikia tena akiuimba.