Mbegu ya Kalembe Imeliwa

Papa Furaha wangu,

Nimechoka kupumzika. Tangu vita vitutoe kijijini kwetu Kalembe, binti yako Furaha ananikalisha kwenye kiti hapa mjini Sake, asubuhi mpaka jioni. "Mama, umezeeka, kaa tu." Jembe langu amelificha. Kwake uzee mwema ni kula, kulala na kupimwa presha. Wewe ulikufia kwako, ukazikwa kando ya migomba yako. Nakuonea wivu, na sioni haya kukuambia.

Unakumbuka mvua ilipokaribia? Ua wetu ulijaa wanawake na vibakuli, kila mmoja anataka maharage ya mbegu. Mimi nachagua, wewe unachanganya na majivu wadudu wasitoboe, huku unanitania: "Mama Furaha, weye njo serikali ya hapa." Magoti yaliniuma hata wakati ule. Lakini nilikuwa mzima, Papa Furaha. Nilikuwa na furaha.

Siku ya kukimbia, Furaha aliyekuja kunichukua alibeba godoro, mimi nikakumbatia kibuyu cha mbegu njia nzima. Basi juma lililopita nilitoka misa, nikakuta sahani imefunikwa. Maharage ya mawese. Nikala, nikayasifu, nikamuuliza ameyanunua wapi, maana yalikuwa matamu kama ya kwetu.

Akacheka. "Mama, si njo yale ya mu kibuyu? Yalijaa majivu, nikayaosha yote, nikayapika. Nilitaka upate nguvu."

Ameishi sana mjini, hajui majivu yale ni ya nini. Alinitazama kwa upendo, anangoja nimalize. Nikamaliza sahani. Sijawahi kumeza kitu kigumu namna ile.

Jana alikuja jirani yetu wa kijijini, Mama Neema. Anarudi Kalembe kujaribu kulima. Alisimama mlangoni na kibakuli, kama zamani. "Mama, mvua iko karibu. Unipe mbegu."

Tangu nifike hapa hakuna mtu aliyeniomba kitu. Na Furaha alikuwa nyuma yangu, anasikia.

Nikamjibu: "Mimi nimezeeka, mwanangu. Niliacha kuweka mbegu."

Mama Neema akanishika mkono, akanipa pole, akaniambia nipumzike. Furaha akanisogezea kiti. Nikakaa.

Wewe uliye karibu na shamba, niwekee nafasi hapo kwenye migomba. Huku sina kazi tena.

Mke wako,
Mama Furaha