Firigisi Niliyokula Kwako

Mulongo,

Nakuandikia nikiwa kwenye lile benchi letu la kliniki, lile lililovunjika mguu likawekewa tofali. Tofali bado lipo. Mahali pako amekaa mzee mmoja wa Khwisero, amesinzia na daftari lake kifuani, na sina nguvu za kumwambia pana mwenyewe.

Nimechoka, pacha wangu. Moyo hauna neno, nikipimwa wananisifu kama mtoto aliyemaliza uji. Nimechoka kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki.

Unakumbuka ni wewe uliyetupa haya majina. Tulizibuliwa mishipa ya moyo siku moja kule Eldoret, mimi nikaingia kwanza, wewe ukafuata, kila mmoja akatoka na kijibomba cha waya ndani ya mshipa. Tulipokutana hapa Kakamega kwenye kliniki ukaniambia, "Mwalimu, sisi ni pacha sasa. Wewe umetangulia, wewe ni Mukhwana. Mimi Mulongo." Mke wangu Rasoa alicheka mpaka akashika ukuta.

Tulipewa dawa zile zile na karatasi ile ile. Usiinue kitu kizito. Tembea polepole. Pumzika. Ukisikia mabadiliko, rudi upesi. Rasoa aliibandika yangu ukutani kwa pini na kuifuata kuliko Amri Kumi. Sikuruhusiwa kuinua hata birika. Maji ya kuoga yaliletwa mlangoni, na nikijaribu kuinama nivae viatu, yeye alikuwa ameshapiga magoti. Wewe karatasi yako uliikunja ukaitia ndani ya Biblia. Nilipokuuliza unapumzika saa ngapi, ulinijibu, "Nikipumzika, ng'ombe anakamuliwanga na nani?" Nilicheka. Niliona ni jibu zuri.

Nisamehe, sasa nafika pale ninapopazunguka kila siku.

Wiki ya tatu baada ya Eldoret nilikuja kwenu Iguhu kukujulia hali. Mgonjwa akaja kumwona mgonjwa. Ulikuwa umelala. Uliposikia sauti yangu uliamka, ukajifunga leso, na kabla sijamaliza kusalimiana na mumeo, mzee wako, nikasikia kuku akilia nyuma ya jikoni. Tulikaa vitini, yeye na mimi, tukazungumzia bei ya mbolea. Ulileta maji ya kunawa ukatumwagia mikononi. Ulileta obusuma, ugali wa moto, ukarudi ukaleta ingokho, yule kuku, na uliporudi mara ya tatu ulisimama kidogo, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilikuona. Firigisi ukaiweka upande wangu, kwa sababu mimi ndiye mgeni na mimi ndiye mwanamume. Nikaila. Ilikuwa imeiva vizuri, na hata leo naikumbuka chumvi yake.

Mzee wako alipotoka kuhamisha ng'ombe uliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata wewe unachokanga hivi? Mgongo unanibana, na hapa kwa taya. Kifua hakiumi."

Nami nikakujibu haraka kama mtu aliyesomea. Nikakuambia ni kawaida, hata mimi nilichoka wiki za kwanza, itaisha. Ukasema kama Mukhwana amesema, basi. Ulikuwa umepanga kurudi kliniki Jumatatu ile. Ukaamua kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, na hukuifikia.

Baada ya mazishi nilikuja hapa peke yangu nikamuuliza daktari, yule dada mwenye miwani. Alinieleza polepole. Alisema moyo wa mwanamke mara nyingi haulii kifuani. Unaweza kulia kwa uchovu, kwa mgongo, kwa taya, kwa kichefuchefu. Alisema wanawake wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, na mishipa yao ni myembamba zaidi, kwa hiyo hata baada ya kuzibuliwa inataka kuangaliwa kwa makini. Nikakumbuka kwamba ulitibiwa vidonda vya tumbo nusu mwaka kabla ya mtu kukupima moyo. Mimi nilishika kifua kanisani, na kabla ya jioni nilikuwa hospitali.

Nimefundisha ufundi wa mabomba pale Sigalagala karibu maisha yangu yote. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wasipime bomba la nusu inchi kwa kipimo cha inchi moja. Halafu nikakaa sebuleni kwako nikiwa nimeshiba, nikakupima kwa mwili wangu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na amekataa kuondoka.

Mzee wako yupo. Ng'ombe anamkamua mwenyewe siku hizi, na anasema hakujua ndoo ile ni nzito.

Sasa sikia kilichonileta leo. Jumamosi Rasoa alikuwa anatoka bombani, akatua mtungi katikati ya njia na kuukalia. Nikamfuata. Akasema, "Nimechoka tu." Nikamuuliza wapi panauma. Akasema mgongo, tena si sana. Mulongo, lile neno kawaida lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza. Nikauinua ule mtungi nikaufikisha nyumbani, naye akanifuata akigomba kwamba nitajiua.

Jumapili tulipata wageni wa kanisa. Alikataa kukaa, akapika. Firigisi ikaletwa upande wangu, nikaihamishia sahani yake mbele ya mchungaji. Akairudisha, akaninong'oneza nisimtie aibu. Ikabaki pale mpaka vyombo vikaondolewa, hakuna aliyeila.

Asubuhi hii nimemleta. Njia nzima amelalamika kwamba nimemwachisha maharagwe jikoni na hana ugonjwa wowote. Yumo ndani, amewekewa nyaya kifuani, na mlango umefungwa muda mrefu kuliko ulivyofungwa kwangu. Ninaogopa. Mwaka mzima amenibeba mimi, na sikuwahi kumuuliza yeye anabebwa na nani.

Nakuahidi hili moja. Sitamwambia tena mwanamke yeyote kwamba uchovu wake ni kawaida kwa sababu wangu ulikuwa kawaida. Kwenye benchi hili nitakuwa nawauliza nani anawachotea maji, na wakinicheka wacha wanicheke.

Mlango umefunguka. Daktari ananiita mimi, hajamtoa Rasoa. Ngoja niende.

Lala, Mulongo. Na siku nitakayofika huko, ukisikia sauti yangu usiamke. Jikoni nitapaona mwenyewe.

Pacha wako,
Mukhwana