Kaswera, Wivine Amechukua Vitabu Vyako

Mwaka umetimia, Kaswera, tangu risasi zikukute ndani ya minibus karibu na Rutshuru, ukirudi likizo kutoka chuo cha Kampala. Mama yako Émérance angali anaweka sahani yako mezani. Simukatazi.

Ulikuwa unasomea maîtrise, shahada ya pili, ya Kiingereza cha kale. Ulitueleza namna maseremala wa Uingereza, miaka mia sita iliyopita, walivyoijenga safina ya Nuhu juu ya mukokoteni na kuigiza kisa chake barabarani, muke wa Nuhu akigoma kupanda. Mimi nikaapa mbele ya majirani wa mutaa wetu wa Himbi kwamba mukokoteni ule ulikuwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na seremala alitoka Butembo. Ukasema: “Papa, ukiendelea hivi, maprofesa watanifukuza!” Kisha ukaniomba nirudilie hadisi ile.

Watoto wa kambi ya wakimbizi uliowafundisha bure wangali wanauliza utarudi lini.

Mwezi uliopita watu wenye bunduki walipekua nyumba. Mumoja alifungua kitabu chako, asielewe kitu. “Muzee, hii ni kode ya siri ya nani?” Nikamujibu: “Ni Kiingereza cha babu za Waingereza. Wao wenyewe wanakisoma kwa miwani miwili.” Akacheka. Bunduki haikushuka. Tangu siku ile, geti likilia, mama yako anashika ukuta.

Jana tulitosha kilio, matanga yakaisha, tukagawa vitu vyako. Vitenge vilikwenda, viatu vilikwenda. Vitabu hakuna aliyethubutu kuvigusa, mpaka mudogo wako Wivine alipovibeba vyote.

“Papa, wamenikubali chuo kile kile. Jumatatu ninaenda.”

“Basi pita Gisenyi.”

“Mupaka wa kule wamefunga, Papa. Imebaki njia ya Bunagana tu.”

Barabara yako ile ile, ya Rutshuru. Nilikataa, nikapiga kelele. Leo asubuhi nimemukuta anafunga sanduku. Nimesema nitamusindikiza mwenyewe hadi mupakani. Ninaogopa, mutoto wangu. Mama yako ameniuliza: “Na wewe, muzee, nani atakurudisha?”

Misa ya kukuombea ni Jumapili, saa tatu asubuhi. Anayeogopa kutoka, atuombee akiwa kwake.

Tunaokukumbuka ni papa yako Kataliko, dereva wa zamani, mama yako Émérance, kaka yako Josias na watoto wake, na Wivine.

Kaswera, tutakukumbuka kila siku tutakayopewa.