Kipimo cha Homa Bandarini Kashikishi

Mujukuu wangu Furaha,

Tuko wazima hapa Nchelenge. Mama yako amerudi kutoka Chienge, na mudogo wako ameota meno. Umeniandikia kwamba chuoni munajifunza kutofautisha hali mbili za chembe za mwanga bila kuamini kifaa chochote. Munaviuliza vifaa maswali, kisha munaamua kwa majibu tu. Ukaniuliza, "Nkambo, si ni kupoteza wakati, kushuku kifaa cha wataalamu?"

Hapana. Nilipokuwa kijana, nilipima wasafiri homa bandarini Kashikishi. Siku moja kipimo kilisema mama mumoja, aliyetoka Congo na samaki wabichi, ana homa kali. Nikamuamuru akae pembeni.

"Dada, miye si mugonjwa," alisema. "Jipime weye mwenyewe kwanza, tusikie kitasema nini."

Nilikasirika. Miye nilikuwa na kifaa, yeye alikuwa na maneno tu. Alikaa juani mpaka samaki wake wote wakaoza.

Jioni nilijipima kwa siri. Homa ileile. Nikamupima mulinzi, ileile. Kifaa changu hakikuweza kutofautisha mugonjwa na muzima, na mama yule alinionyesha njia ya kukijaribu tangu asubuhi.

Nilimukuta akimwaga samaki. Akauliza, "Sasa kimesema nini?"

Nikajibu, "Enda nyumbani, mama. Umepona."

Akanishukuru. Nilisema vile ili nisiombe musamaha, na weye ndiwe mutu wa kwanza kulisikia jambo hili.

Ni miye Nkambo wako, ninayekuombea.